Kabla ya kulipia pikipiki, mpigie simu fundi wa mwisho wa barabara

Mwezi uliopita tulipokea ujumbe kutoka kwa mteja wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi upande wa North Horr, kaunti ya Marsabit. Aliandika hivi: "Habari zenu. Nimeweka akiba kwa simu miaka miwili, sasa niko na 170,000. Nimeona pikipiki kubwa mtandaoni, imetumika kidogo, muuzaji yuko Nairobi. Anataka nitume 20,000 ya kuishikilia leo leo. Ama ninunue tu hizi za 150 za boda? Nitakuwa naenda nayo Marsabit kila mwisho wa mwezi, na nyumbani Nyahururu shule zikifungwa."

Swali la 20,000 tulilijibu siku hiyo hiyo: mwalimu, usitume. Tutarudi hapo.

Lile lingine halikuwa jepesi. Kutoka North Horr hadi Marsabit ni karibu kilomita 200, na sehemu kubwa inapita kando ya jangwa la Chalbi, kupitia Kalacha na Maikona. Kutoka Marsabit hadi Nyahururu, kwa Isiolo na Nanyuki, unaongeza zaidi ya 400, lakini hizo angalau ni za lami. Hii sio safari ya kwenda sokoni na kurudi. Pikipiki ikikataa katikati ya Maikona na Kalacha saa saba mchana, shida ya kwanza sio pesa. Ni maji.

Tulianza kuandika jibu la mistari mitano. Tulipofika mstari wa kumi tukagundua tuna stori yetu wenyewe ya kusimulia, na ni ya aibu kidogo.

Petroli moja, pikipiki mbili

Mwaka jana wawili kati yetu tulipanga safari ya likizo kutoka Isiolo hadi Loiyangalani, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana. Mmoja alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, ile ya kioo mbele, skrini ya rangi na masanduku ya chuma pembeni. Hatutaitaja aina yake kwa sababu kosa lilikuwa letu. Mwingine aliazima pikipiki ya 150 ya binamu yake, iliyokuwa imebeba abiria Meru kwa miaka mitatu. Unaweza kukisia ni nani alichekwa tulipoondoka.

Hadi Laisamis hatukuwa na neno. Barabara ya Isiolo kwenda Moyale ni lami safi siku hizi, na ile kubwa ilikuwa ikisimama kila mara kuingoja ndogo. Laisamis tukaacha lami, tukashika barabara ya changarawe ya kuelekea South Horr, ile iliyotengenezwa upya kwa ajili ya kusafirisha mitambo ya upepo. South Horr tukaongeza petroli. Hakukuwa na pampu wazi siku hiyo, kwa hivyo tulinunua ya jerikeni kwa mama mmoja mwenye kibanda, tukagawana nusu kwa nusu. Hatukuichuja. Tulikuwa na haraka ya kuona ziwa.

Tulipita ile mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power pale Sarima huku upepo ukitusukuma pembeni kama mtu anayegombania njia. Muda si muda, pikipiki zote mbili zikaanza kukohoa.

Ile ya 150 ilizima kwanza. Tukafunga petroli, tukafungua skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta, na maji machafu yenye chembe za kutu yakamwagika. Tukafungua kikombe cha kabureta, tukapuliza jeti kwa mdomo, tukarudisha. Kiki ya tatu ikawaka. Kazi yote ilichukua kama dakika 25, na tungemaliza mapema zaidi kama upepo haungepeperusha skrubu moja kwenye mawe.

Ile kubwa ilizima dakika chache baadaye na haikuwaka tena. Haina kabureta. Inatumia injekta, na petroli inasukumwa na pampu ya umeme iliyofichwa ndani ya tangi. Uchafu ule ule uliotoka kwa skrubu moja kwenye ndogo ulikuwa umeingia kwenye pampu ya kubwa na kuibana. Skrini ya rangi ilituonyesha taa ya njano ya injini. Hiyo tu ndiyo lugha iliyokuwa nayo.

Mmoja wetu alifika Loiyangalani na ile ndogo kutafuta msaada. Fundi wa huko, kijana mwenye kibanda cha makuti, alisikiliza maelezo hadi mwisho, akauliza swali moja: "Ni ya kompyuta?" Tukasema ndiyo. Akatingisha kichwa. "Hiyo dawa yake iko Nairobi, boss." Hakutaka hata kuja kuiangalia, na leo tunamheshimu kwa hilo, kwa sababu wengine wangeifungua wakajifunzia juu yake.

Pikipiki ya thamani kuliko zote kwenye kijiji kile ilirudi Isiolo ikiwa imelazwa juu ya lori la samaki waliokaushwa. Pampu mpya iliagizwa kutoka nje ya nchi, na tuliisubiri wiki tatu. Harufu ya samaki ilikaa muda mrefu zaidi.

Swali ambalo muuzaji hawezi kukujibu

Tangu siku hiyo tumekuwa na kanuni moja. Kabla ya kumpigia muuzaji, mpigie fundi. Sio fundi wa Nairobi, wala wa mjini ulikonunua. Mtafute fundi wa mahali pa mbali zaidi unapotarajia kufika, umuulize: ni pikipiki gani uko na spea yake hapo dukani sasa hivi, bila kuagiza? Atakachokujibu ndicho cha kununua, hata kama hakikupendezi macho.

Sehemu kubwa ya Kenya jibu litakuwa mojawapo ya zile tunazoziona kila siku: Boxer ya Bajaj, HLX ya TVS, na nyingine za ukubwa wa 100 hadi 150. Zimejaa nchini, na mahali zilipojaa, spea nazo zinafuata. Hata duka la unga na sukari huko ndani utakuta tyubu za 17 zimening'inia mlangoni. Pikipiki kubwa za safari mara nyingi zina gurudumu la 21 mbele na 18 nyuma. Ni nzuri kwa kupanda mawe, hatukatai, lakini ukipasua taya ya 21 Kalacha, utaulizia hiyo saizi hadi ulale njaa.

Ukiwa na jibu la fundi, angalia sasa mashine yenyewe. Tunachotafuta ni pikipiki ambayo kila shida yake ya kawaida inaweza kuonekana kwa macho na kutatuliwa kwa spana.

Injini iwe ya silinda moja inayopozwa na hewa. Haina redieta ya kutobolewa na jiwe, na haikudai maji wakati wewe mwenyewe huna ya kunywa. Kabureta tumeshaisema. Ni kweli kwamba injekta inakunywa mafuta vizuri zaidi na inawaka bila shida asubuhi ya baridi. Kwa mtu anayeishi Nairobi na kusafiri Naivasha wikendi, injekta ni sawa kabisa. Tofauti inakuja pale ambapo mafuta yanauzwa kwa chupa na hujui yametoka wapi. Uchanganyaji wa petroli au dizeli na mafuta taa ulikuwa mkubwa hapa nchini kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo maalum kwenye mafuta taa ili kuupunguza. Kabureta ikila kitu kibaya, inatapika na kuendelea.

Kiki ni lazima. Pikipiki nyingi mpya zina staata ya kidole, na ni raha, lakini kwenye mashine mpya tumeanza kuona kiki ikiondolewa. Betri hufa kwa sababu ya joto, mtikisiko, au kwa sababu mtu amechaji simu usiku kucha. Ukiwa na kiki, betri iliyochoka ni usumbufu tu. Hapa uwe makini: baadhi ya pikipiki zenye kiki bado zinahitaji umeme kidogo wa betri ili plagi itoe cheche. Njia ya kujua ni rahisi. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji achomoe betri, halafu apige kiki. Akikataa, umejua kitu.

Rimu za spoku ni bora kuliko zile za kumwagwa kwa mashimo na mawe. Rimu ya spoku ikipinda, fundi anaikaza spoku moja moja hadi inyooke, hata kama sio sawasawa. Ile ya kumwagwa ikipasuka imepasuka. Kwa upande mwingine, spoku zinataka kukaguliwa. Zigonge na spana moja baada ya nyingine kila jioni, na ile inayolia tofauti na wenzake imelegea.

Breki za nyuma za dramu zinatosha. Hazisimamishi haraka kama za diski, lakini hazina mafuta ya kuvuja, na breki shuu zake ziko kila mahali.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayelifikiria akiwa showroom: uzito. Pikipiki ya 150 ya kawaida ina kama kilo 120. Zile kubwa za safari zinapita kilo 200 kabla hujaweka hata chupa ya maji. Kwenye mchanga wa Chalbi utaanguka. Hilo halina mjadala, hata wenyeji wanaanguka. Swali ni kama utaweza kuiinua peke yako, na kama watu wawili wataweza kuipandisha kwenye pickup ikibidi. Yetu kubwa iliinuliwa na watu sita, na kila mmoja alihitaji soda.

Tuwe wakweli pia kuhusu hasara. Pikipiki ndogo kwenye lami ndefu inachosha. Kilomita 60 au 70 kwa saa ndiyo kasi ya kuiheshimu injini, na mabasi ya Moyale yatakupita kama umesimama. Kiti kitakuumiza. Upepo wa Turkana utakusukuma. Ukiipakia mizigo kama ya kuhama nyumba, shoksi za nyuma zitakata tamaa kabla yako. Anayetaka raha ya barabara asinunue ndogo. Mwalimu wetu alitaka kufika.

Kwenye mafuta, hesabu ni nzuri. Tangi la lita 11, hata ukihesabu kilomita 30 tu kwa lita kwa sababu ya mchanga na mzigo, ni kilomita 330. North Horr hadi Marsabit inaingia na kubaki. Beba jerikeni ya lita tano hata hivyo, na kitambaa safi cha pamba cha kuchujia. Kile kitambaa kingetuokolea wiki tatu.

Duka la spea mfukoni

Uzuri wa pikipiki ya kawaida ni kwamba spea zake ni za bei ya chini, kwa hivyo unaweza kubeba karibusanduku zima: tyubu mbili, plagi, kebo ya klachi na ya akseli, kiungo cha cheni, breki shuu, fyuzi, gundi na viraka, pampu ya mkono, tepu ya umeme, waya laini. Ongeza blada za kutosha, kwa sababu hakuna kitu Kenya kisichofungwa kwa blada. Kuna ujanja mmoja tuliofunzwa na fundi wa Loiyangalani: kebo mpya ya klachi usiiweke kwenye begi. Ipitishe kando ya ile ya zamani na uifunge nayo, pande zote mbili zikiwa tayari. Ya zamani ikikatika, unahamisha ncha mbili tu na kuondoka. Huyo huyo alituonya tusisafishe jeti kwa waya, maana unaipanua tundu na pikipiki inaanza kunywa kama lori. Yeye hutumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uko pande zote pale ziwani.

Kitu kikubwa kikiharibika ambacho hukubeba, hapo ndipo simu inaingia. Sisi tulishuhudia fundi wa Marsabit akimpigia mwenye duka Isiolo, akamtumia picha ya sproketi iliyokatika meno, akaambiwa bei, mteja akalipa kwa till papo hapo, na spea ikapakiwa kwenye basi la usiku. Asubuhi iko stendi. Hakuna anayetuma sproketi ya pikipiki adimu kwa basi la usiku, kwa sababu haiko Isiolo. Ndiyo maana tunasema uchaguzi wa pikipiki ni uchaguzi wa spea.

Ukilipa hivyo, mambo machache. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, ulinganishe na la duka uliloambiwa na fundi. Tuma picha ya spea ya zamani ikiwa na namba yake, kwa sababu kebo mbili zinaweza kufanana na kupitana sentimita tatu. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho hadi mzigo ufike. Na omba picha ya risiti ya basi.

Sasa ukweli mwingine ambao kampuni kama yetu haifai kuuficha: kuna mahali mtandao haupo. Kati ya Sarima na Loiyangalani tulipokwama, salio letu lilikuwa zuri na halikutusaidia lolote. Kabla ya kuacha lami, toa pesa taslimu za kutosha mafuta, chakula, na lifti ya lori ikibidi, kwa noti ndogo. Toa mjini, maana wakala wa kijiji anaweza kuwa hana floti siku hiyo, na sio kosa lake. Mahali penye mtandao hafifu, usihangaike na programu inayotaka intaneti. Tumia menyu ya nyota na alama ya reli, ambayo hufanya kazi hata kwa simu ya mulika mwizi. Ukituma pesa na hujapata ujumbe, usirudie mara moja. Angalia salio kwanza. Tumeona watu wakilipa jerikeni moja mara tatu.

Chaji simu kwa pawabanki, sio kwa betri ya pikipiki iliyozimwa. Simu ikizima, pochi imezima pia.

Turudi kwa ile 20,000

Mwalimu alikuwa ameambiwa na muuzaji kwamba kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa. Huyo mtu mwingine yuko njiani tangu tuanze kazi hii, na hajawahi kufika.

Pesa ukishazituma kwa namba ya mtu binafsi kwa hiari yako, na mpokeaji akazitoa, kuzirudisha ni vigumu sana. Pikipiki iliyotumika ilipiwe ukiwa umeishika. Kama uko mbali, tuma jamaa au fundi unayemwamini aende kuiona, apige kiki injini ikiwa baridi, na alinganishe namba ya chasis iliyopigwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye logbuku. Taarifa za umiliki zinaweza kuulizwa kwa namba ya usajili kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, na uhamisho wa umiliki unafanyika huko huko. Muuzaji halali hatakasirika ukimwambia mwanze uhamisho mkiwa pamoja, kisha umlipe.

Mwalimu aliuliza pia kuhusu lipa pole pole, abakize akiba yake. Tukafanya hesabu ya mfano: dipoziti ya 30,000, halafu 400 kila siku kwa siku 540. Hiyo 400 inaonekana ndogo, lakini ni 216,000, jumla 246,000. Kwa mtu wa boda anayepata pesa kila siku, mpango kama huo unaweza kumfaa. Kwa mwenye mshahara wa mwezi anayeishi mahali mtandao unakuja na kwenda, mambo ni tofauti. Pikipiki nyingi za mkopo zina kifaa cha kuzifuatilia, na malipo yakichelewa siku kadhaa kwa sababu mnara umelala, simu za kudai hazitauliza mnara. Ukichukua mkopo huo, lipa siku za mbele kabla ya kuingia ndani, na uulize kwa maandishi kinachotokea ukichelewa.

Tulimwomba mwalimu ampigie fundi wa North Horr kabla ya kuamua. Akatusimulia baadaye. Fundi alimuuliza ile kubwa inaitwaje, akalitamka jina mara mbili, akacheka. "Mwalimu, ukiileta hiyo, niletee na mtu wa kuitengeneza." Halafu akamsomea orodha ya spea alizokuwa nazo kwenye kibanda, kuanzia plagi hadi piston na ringi zake. Zote zilikuwa za aina moja.

Mwalimu alinunua ya 150, mpya, kwa duka Isiolo, akalipa kwa till akiwa amesimama mbele ya keshia. Kilichobaki kwenye akiba kilitosha bima, helmeti nzuri, jerikeni na kifuko cha spea. Yule muuzaji wa Nairobi alimpigia mara nne wiki ile, kisha namba ikazimwa.

Jumamosi iliyopita, jioni, alitutumia ujumbe: "Niko Maikona, mtandao umeshika. Mchanga ni mwingi sana. Nimeanguka mara mbili, nimeiinua mwenyewe mara mbili. Kioo kimoja kimevunjika, fundi hapa anasema 300 na anacho. Nalala hapa, kesho niko shule."